Stelingi Aliyetozwa Faini Suji

Mkanda ule ulifika Same ukiwa umeviringishwa ndani ya blanketi jipya, kutoka Dubai. Mfanyabiashara mmoja wa pale mjini alikuwa amemletea mjomba wangu deki ya video, na kama nyongeza akampa mikanda mitano: minne ya ngumi na mateke, na mmoja wa katuni. Watu wa katuni hiyo walizungumza Kijapani, na chini ya picha yalipita maandishi ya Kiarabu. Mjomba hakujua Kijapani wala Kiarabu. Alikuwa na kipaza sauti, na kwa muda mrefu hicho kilitosha.

Ilikuwa ile miaka ambayo maduka yalianza kujaa tena. Mama alizoea kunisimulia foleni za sabuni na sukari, na jinsi nilivyopelekwa kanisani kubarikiwa nikiwa nimevaa gauni lililoshonwa kwa pazia la dirishani. Sasa vitu vilikuwepo. Kando ya barabara kuu ungekuta viatu vya plastiki vya kila rangi, biskuti za maziwa, redio zenye taa nyekundu zinazorukaruka kufuata mdundo. Kilichoadimika safari hii ni kazi. Mjomba alikuwa fundi wa mashine za kuchakata mkonge kwenye shamba moja la huko tambarare, na alikaa na mashine zile miaka kumi na minane. Siku moja yeye na wenzake waliitwa uwanjani mbele ya ofisi, wakasomewa majina, wakaambiwa wamepunguzwa. Kabla mwezi haujaisha, kiinua mgongo chake kilikuwa kimegeuka televisheni, deki, na jenereta ndogo.

Alionyesha video kila alasiri katika chumba cha uani, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magunia. Mimi nilikuwa darasa la sita, na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa dada yake niliingia bure, nikakaa benchi la mbele, shingo nimeikunja nyuma kama kuku anayekunywa maji. Ya ngumi na mateke niliivumilia. Niliyemsubiri ni yule wa katuni.

Stelingi, kwa lugha yetu sisi wapenda video, ni yule mtu ambaye filamu ni yake. Stelingi wa mkanda ule alikuwa mwanafunzi huko kwao, akagongwa na lori, akazinduka katika nchi nyingine yenye majoka na ngome. Sisi tuliokulia kando ya barabara kuu tulikuwa tumeona watu wakigongwa na malori, na hatukusikia kwamba kuna aliyezinduka penye ngome, lakini jambo hilo halikunisumbua. Alizinduka akiwa na nywele nyeupe, upanga mrefu kuliko kimo chake, na uwezo wa kila kitu. Majoka aliyaua kwa pigo moja. Vitabu alivisoma kwa kuvipitishia kiganja. Alipika supu mara moja tu, malkia akaionja, akalia. Na kila baada ya dakika chache watu wa nchi ile waliacha shughuli zao ili wamsifu. Walimsifu wazee wa baraza na wauza mikate, wakamsifu wasichana watatu, mmoja mwenye nywele za bluu, mmoja za kijani, mmoja za waridi, ambao kwa kweli sikuwahi kuwaona wakifanya kazi nyingine.

"Mnamwona stelingi?" mjomba aliuliza kwenye kipaza sauti. "Anasema, mimi sijawahi kushindwa. Na yule binti anamjibu, kweli kabisa, hujawahi. Na yule mzee anasema, tangu nizaliwe sijaona kijana kama wewe."

Nilimpenda yule kijana kama nilivyopenda biskuti za maziwa, bila kuuliza ndani zina nini. Mjomba alimpenda zaidi yangu. Sauti yake, ambayo nyumbani ilikuwa ya chini na ya kukwaruza, ikifika kwenye sifa za stelingi ilipanda na kunyooka. Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima ndipo nilipofikiria maana ya jambo lile: mtu aliyesomewa jina lake uwanjani, akaambiwa hahitajiki, na kila alasiri anakaa mbele ya kijana ambaye nchi nzima haiwezi kupumua bila yeye.

Likizo ya mwezi wa sita mama alinipeleka Suji kwa bibi. Ukitoka Makanya, ambako jua linapiga mpaka vumbi la jasi linameremeta, gari linaanza kupanda, na baada ya kona chache unafungua begi utafute sweta. Nilimkuta bibi akichambua maharage mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mjomba wako hajambo?"

"Hajambo."

"Anakula?"

"Anakula."

"Sasa mbona hapandi?"

Nikainama kumsaidia kuchambua. Mama alikuwa ameshanieleza njiani: mjomba anaona haya. Zamani alipanda kila likizo, amekaa juu ya mizigo kwenye gari kama mwenye gari, ana sukari, ana mafuta ya taa, ana khanga mpya ya mama yake. Tangu apunguzwe kazi, huu ulikuwa mwaka wa pili, hakukanyaga Suji. Alituma salamu, na betri za redio. Nyumbani kwake Same milima inaonekana yote kutoka uani, na yeye kiti chake alikiweka kikiupa mlima mgongo.

Mama aligeuza na gari la jioni. Bibi hakuniuliza tena siku ile. Aliniuliza kesho yake, kwa maneno yale yale.

Jumamosi ilikuwa siku ya ibada na hakuna aliyegusa jembe. Jumapili alfajiri pembe ilipigwa bondeni, na bibi akaniambia magoti yake hayashuki tena, kwa hiyo mtu wa nyumba yake kazini siku zile nilikuwa mimi. Pembe ile ni ya msaragambo, kazi ya wote. Kazi yenyewe ilikuwa kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa la mawe na udongo ambalo hujaa usiku kwa maji ya kijito, na asubuhi likazibuliwa ili maji yashuke kwa mifereji hadi mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Masika huijaza ndiva tope, na tope lisipozolewa, kiangazi maji yanakuwa ya kunawia mikono tu. Nyumba isiyotoa mtu hutozwa faini, na faini yenyewe ni sufuria kubwa la makande ya mahindi na maharage la kulisha kundi zima. Mwenye kosa analibeba mwenyewe kichwani, mchana, kwa njia inayopita kwenye nyumba za watu.

Tulipangwa mstari kutoka ndani ya ndiva mpaka ukingoni, na makarai ya tope yakapitishwa mkono kwa mkono. La kwanza lilinishinda. La pili lilinimwagikia. La tatu lilimmwagikia mama mdogo, binamu yake mama, ambaye alikuwa mbele yangu.

"Huyu mtoto wa lami," alisema, akijifuta shingo, "ametuletea mikono ya kushikia kalamu."

Mzee wa maji, ambaye ndiye aliyesimamia zamu na faini zote za ndiva ile, alikuja akiwa amevaa mabuti ya mpira ambayo hakumruhusu mtu kuyarushia tope. Alinitazama kama mtu anayetazama jembe lisilo na mpini.

"Mchumba, unajua kuimba?"

"Hapana, babu."

"Sasa unajua nini?"

Nilifikiri. "Najua mkanda wa katuni. Wote, mwanzo mpaka mwisho."

"Haya. Panda jiwe lile, usimulie. Mstari ukienda, na wewe umefanya kazi. Mstari ukisimama, unarudi kwenye karai."

Nikapanda jiwe nikaanza. Lori likagonga, ngome ikatokea, upanga ukatolewa. Mwanzo walinyamaza, na makarai yakatembea. Joka la kwanza likafa, na la pili. Nikamleta malkia na supu. Kwenye joka la nne niliona karai limekaa mikononi mwa mama mdogo, haliendi mbele wala halirudi nyuma.

"Ngoja kwanza," alisema. "Huyu kijana hajaanguka hata mara moja?"

"Hajaanguka."

"Upanga alifundishwa na nani?"

"Hakufundishwa. Alizinduka nao."

"Mama yake?"

"Hayumo."

"Anakula kwa nani, huyo?"

"Wanampa. Wanampenda wote."

"Kwa lipi?"

"Ameua majoka."

"Majoka yaliwafanya nini?"

Nilijaribu kukumbuka. Mkanda ule niliuona mara nyingi kuliko vidole vyangu, na sikuwahi kujua majoka yale yalikosa nini.

"Mimi simsemi vibaya," alisema mwanamke mwingine kutoka ndani ya tope. "Ila mtu kama huyo akiolewa na binti yako, utamwambia nini? Ukimpa uji atakupikia mzuri zaidi."

"Wa kuolewa ni binti, si yeye," mtu akamsahihisha.

"Kwa mtu kama huyo, binti ndiye anayeoa."

Walicheka, lakini walimcheka stelingi wangu, na makarai yalikuwa yametulia. Mzee wa maji akageuka. "Mchumba. Mstari umesimama."

Nilitazama viganja vyangu, ambavyo vilikuwa vimeanza kuvimba. Kisha nikasikia mdomo wangu unasema: "Lakini alikuwa anaogopa bata mzinga."

Vichwa viligeuka.

"Bata mzinga?" aliuliza mama mdogo.

"Akimwona tu anapanda juu ya meza. Wale mabinti watatu ndio wanaomfukuzia."

Kuna aliyekohoa kicheko huko chini, na karai likatoka mikononi mwa mama mdogo likaenda. Nikasema bata mzinga alikuwa wa jirani, na jirani alijua, na kila akitaka kukopeshwa chumvi alikuja naye amemkumbatia. Makarai yakaanza kukimbia.

Siku hizi, katika vikao vyetu vya waandishi, huwa tunabishana sana jinsi ya kumjenga mhusika. Mimi hunyamaza, maana nilijifunza kwa kutazama karai. Nikisema "akashinda," karai lilisimama. Nikisema "akadhani mlango unasukumwa, kumbe unavutwa," lilisogea. Siku ya pili stelingi alikoroma mpaka farasi wakakataa kulala zizini. Alijisifu kwamba anajua njia, akapotea na jeshi zima, wakatokea kwenye shamba la mtu wakaharibu mahindi. Supu yake ilimliza malkia kwa pilipili. Watu waliokuwa wakipita njiani na kuni walianza kusimama, na mzee wa maji akawaambia anayesikiliza abebe.

Siku ya tatu nikamwibisha maji.

Sikulipima. Nilikuwa nimepata kichwa kwa ule uhodari wa siku mbili, nikaona nimtilie jambo la kwao Suji ili wacheke. Nikasema nchi ile nayo ilikuwa na ndiva, na bustani ya binti mwenye nywele za bluu ilikuwa inakauka, na stelingi akaenda alfajiri akachomoa kizibo wakati si zamu yake.

Mstari wote ulikufa. Hata waliokuwa wanaongea pembeni waliacha. Watu wa kule husamehe mengi, ulevi, kelele, hata deni la mbuzi, lakini kuzibua ndiva nje ya zamu ni kosa ambalo mtu hukumbushwa hata kama aliyelifanya ni babu yake. Mzee wa maji alipanda kutoka kwenye tope, buti moja likabaki humo, hakuligeukia.

"Zamu ilikuwa ya nani?"

Niliona nimeshaharibu. "Ya mjane mmoja," nilisema, nikijua namalizia kuharibu.

"Mjane," alirudia mama mdogo, na kusonya kwake kulisikika ng'ambo.

"Alikamatwa au alikiri mwenyewe?"

"Alikiri mwenyewe."

"Kabla ya kuulizwa?"

"Kabla ya kuulizwa. Alipoona mahindi ya mjane yamenyauka."

"Hiyo inampunguzia," alisema mtu.

"Inampunguzia nini? Mahindi yanakula kukiri?"

"Mtu anayekiri unaweza kumtuma tena."

Wakamhukumu pale pale, wakiwa na tope mpaka magotini. Wapo waliotaka anyimwe zamu mwaka mzima. Wapo waliosema kijana hana mama, hana wa kumfundisha, tusimvunje. Mzee wa maji alisikiliza kila upande kwa uzito wote, kama ilivyokuwa desturi yake kwa watu wenye miili, kisha akatoa faini: masufuria mawili ya makande, ayabebe moja moja kichwani kupita mlangoni kwa mjane, na upanga auache nyumbani. Niliposimulia jinsi alivyojikwaa na sufuria la kwanza, akaokota maharage punje kwa punje huku wale mabinti watatu wakimwangalia bila kumsifu, mstari ulikwenda kama maji yenyewe. Alasiri ile tuligusa mawe ya chini ya ndiva.

Tangu hapo stelingi alikuwa mtu wao. Watu walinisimamisha njiani kuniuliza kama yule mwizi wetu ameshalipa sufuria la pili. Na mzee wa maji ndiye aliyekuja kwa bibi na wazo: kazi ikiisha, kijana wako apandishe chombo chake, tumwone huyu mtu kwa macho. Darasa la shule tutapewa, mafuta ya jenereta tutachangishana.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Mzee alipoondoka, bibi aliniambia nilete daftari.

"Andika kwamba watu wa maji wanamwita. Wana kazi naye."

"Niandike na wewe unamwita?"

"Usiandike. Akijua ni mimi hatakuja. Watu wa maji tu."

Barua ilishuka na gari la asubuhi. Majibu yalirudi na gari la jioni: atakuja. Bibi alifagia uwanja, akamaliza, akaufagia tena. Mimi nilikaa jikoni nikiona ubaya ninaoujenga. Kwenye mkanda hapakuwa na bata mzinga, ndiva wala faini. Mjomba angepanda mlima ule kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili ya kuuonea haya, asimame mbele ya mama yake na kijiji chote, na kitu pekee alichokuwa anajivunia kingeonekana kibovu. Na mbovu nilikuwa mimi.

Alifika Jumapili mchana, nyuma ya pikapu, amekumbatia televisheni iliyofungwa kwa godoro. Alivaa koti. Bibi alisimama mlangoni.

"Umekuja."

"Nimeitwa na watu wa maji, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umekonda."

Basi, hayo tu. Akashusha vyombo. Nilimfuata nyuma mpaka shuleni nimebeba waya.

"Mjomba, kuhusu stelingi."

"Usiwe na wasiwasi. Nitamtangaza vizuri. Leo watamjua."

"Wameshamjua kidogo. Nilikuwa nawasimulia."

"Safi sana," alisema, na alifurahi kweli, na nguvu za kuendelea zikaniishia.

Madirisha ya darasa yalizibwa kwa blanketi za nyumba mbalimbali, jenereta ikawekwa nje barazani, ikaunguruma. Darasa lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya madawati. Bibi aliletwa mbele, akapewa kiti cha mwalimu. Picha ilipotokea, na lori likapita, na zile nywele nyeupe zikainuka kutoka majanini, darasa zima liliguna kama watu wanaomwona ndugu ameshuka kwenye gari.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye."

"Mwembamba," alisema mama mdogo. "Sikumdhania mwembamba."

Mjomba aliinua kipaza sauti, na ile sauti yake ya alasiri ikatoka. "Mnamwona stelingi. Watu wote wanasema hajawahi kukosea."

"Wanaogopa upanga huo," mtu akajibu.

"Binti anasema, hakuna kama wewe."

"Huyo ndiye wa bustani. Lazima aseme hivyo."

Mjomba alicheka kidogo, akidhani ni utani wa kawaida. Akaendelea na joka la kwanza, na la pili. Darasa lilizidi kupoa. Mtu aliulizia bata mzinga. Mwingine alisema labda yuko mbele. Mwishowe mzee wa maji akasimama, akavua kofia.

"Baba, samahani. Sehemu ya maji iko wapi?"

"Maji yapi, mzee wangu?"

"Alipochomoa kizibo. Na faini."

"Stelingi haibi, mzee. Huyu hana kosa hata moja."

Minong'ono ikapita madawatini. "Umeuziwa mkanda uliokatwa," alisema mtu wa nyuma, kwa huruma. Mwingine, ambaye nadhani alitaka tu kuchekesha, akasema: "Waliwakata huko kwenye mkonge, na sasa wanawauzia mikanda iliyokatwa." Watu walicheka. Hakikuwa kicheko kibaya, lakini mkono wa mjomba ulioshika kipaza sauti ulishuka mpaka kwenye paja, na bibi, pale mbele, akaanza kutazama vidole vyake.

Nilisimama nikajiweka mbele ya televisheni. Mgongo wangu ulimfunika stelingi mzima.

"Mkanda ni mzima," nilisema. "Mjomba hakudanganywa. Stelingi hakuiba maji. Nilimtungia mimi."

"Hakuiba kabisa?" aliuliza mama mdogo.

"Kabisa."

"Na mjane?"

"Hayupo."

"Hata bata mzinga?"

"Hata bata mzinga."

Hilo ndilo lililowauma. Niliona watu wakiinamisha vichwa kama wamepewa habari za msiba wa mbali.

"Kwa nini ulifanya hivyo, mchumba?" aliuliza mzee wa maji.

"Mstari ulikuwa umesimama, babu."

Alifikiri juu ya jambo hilo. "Ni kweli," akawaambia wengine. "Ulikuwa umesimama."

"Mimi huyu wa kwenye kioo simtaki," alisema mama mdogo. "Mtu asiye na kosa hata moja tutamkalisha wapi? Jamani, mwenye chombo, huna mwingine?"

Mjomba aligeuka. Alinitazama mimi, kisha akatazama picha. Kwenye kioo tulikuwa tumefika pale pazuri: ukumbi wa mfalme, stelingi amepiga goti, taji linaletwa juu ya mto wa kitambaa. Kwa kawaida hapo ndipo mjomba alipopaza sauti kuliko popote. Alikiinua kipaza sauti polepole, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya nyumbani, ya chini, ya kukwaruza.

"Hapa mfalme anamwambia, kijana, umefanya kazi hapa miaka kumi na minane. Lakini bei ya majoka imeshuka."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza, akitaka kusikia.

"Anamwambia, tumeamua kukupunguza. Hiki anachovishwa ni kiinua mgongo."

Darasa lililipuka. Mzee wa maji alipiga dawati kwa kofia yake.

"Na hao mabinti mbona wanalia?"

"Na wao wamepunguzwa."

Walicheka mpaka mtoto mmoja akaamka na kulia. Mjomba alisubiri.

"Akaenda wapi sasa?" aliuliza mama mdogo.

"Akaenda mjini."

"Kwao hakwenda?"

"Hapana."

"Kwao hakuna watu?"

"Wapo. Kuna mlima, na kuna mama yake."

"Ah, kumbe ana mama."

"Anaye."

"Sasa kwa nini hakwenda?"

Jenereta iliunguruma barazani. Mjomba alikuwa anatazama kioo, si watu.

"Alizoea kupanda na sukari," alisema. "Sasa hakuwa na sukari."

Nadhani wote walielewa kwa pamoja, na wote kwa pamoja waliamua kumwachia yule kijana wa kwenye kioo aendelee kulibeba. Bibi hakugeuka kwenye kiti chake.

"Muulizeni huyo mwenye nywele nyeupe," alisema, "nani alimwambia kwamba mama yake alizaa mfuko wa sukari."

"Hakuambiwa na mtu. Alijiambia mwenyewe."

"Basi ni mjinga."

"Ni mjinga, mama," mjomba alisema kwenye kipaza sauti, na neno hilo likazunguka darasani, likatoka nje kwa kupitia blanketi.

Mzee wa maji alivaa kofia. Alitoa kikohozi kile cha kufungulia mambo.

"Hii nayo ni kesi," alisema. "Miaka miwili hakupanda. Ni misaragambo mingapi amekosa?"

"Minne," alisema mama mdogo, haraka, kama aliyekuwa amejiandaa. "Masufuria manne."

"Alikuwa mbali," mjomba akamtetea.

"Same ni mbali?" aliuliza mtu wa nyuma, na hakuna aliyemsahihisha.

"Hakukiri kabla ya kuulizwa," mama mdogo akaongeza.

"Amekiri leo, mbele ya watu."

"Baada ya kuvishwa taji."

"Mawili," alisema mjomba. "Mawili anaweza. Manne shingo itavunjika, angalieni alivyo mwembamba."

"Mama yake atamsaidia kuchambua maharage," alisema bibi, "lakini kubeba atabeba mwenyewe."

Wakagawanyika pande mbili, wa manne na wa mawili, na wengine wakasimama juu ya madawati ili wasikike. Mkanda ulifika mwisho, kioo kikawa cha bluu kitupu, na hakuna aliyegeuka kukitazama. Mjomba alikuwa amevua koti, bado anaomba kwenye kipaza sauti apunguziwe, na bibi amejifunika uso kwa upindo wa khanga, mabega yanaruka kwa kicheko.